Chungu cha Kwanza cha Mgema Kutub

Jirani yangu Kutubuddin amegema mitende huku Faridpur tangu hajaota ndevu, na kwa ubishi hana mpinzani. Majira ya baridi yale watu watatu walikuwa wamekufa kwa homa ya ubongo. Watafiti wakaja kutoka Dhaka kutafuta mnyama anayeufuga ugonjwa. Walipima damu ya ng'ombe, mbuzi, hata mbwa wangu, naye akawang'ata kwa haki kabisa. Kisha wakaomba kufunga kamera kwenye mitende ya Kutub, waone kama popo huja usiku kulamba utomvu.

"Fungeni," aliwaambia. "Popo wangu wana adabu."

Vyungu vyote vya kukingia utomvu alikuwa amevifunika kwa mikeka ya mianzi, isipokuwa cha mtende mmoja kando ya bwawa. Wagema wa kwetu huamini kwamba utomvu ukifunikwa hupungua utamu, na chungu hicho kilikuwa cha heshima: cha kwanza cha msimu, kinachopelekwa alfajiri kwa wakwe, alikoolewa binti yake Momena, kinywewe kibichi. Wateja aliwafunikia, lakini binti yake mwenyewe alimpelekea kile kitamu kisichofunikwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Alhamisi, Sharmin, daktari wa mifugo aliyewaongoza watafiti, alimwonyesha picha. Popo ameng'ang'ania mtende, analamba utomvu, mkojo unadondokea chunguni.

"Ya lini hii?"

"Usiku wa kuamkia Jumanne, mzee."

Chungu cha alfajiri ile ndicho alichokipeleka.

"Huyu anao ugonjwa?"

"Popo wa hapa wanao, na hauwaumizi. Huyu mmoja siwezi kujua. Aliyekunywa tumwangalie wiki mbili. Dawa hatuna."

Nilimsindikiza Kutub kwa wakwe zake. Njia nzima alitafuta uongo wa kusema na hakuupata. Kukiri ni kumwaibisha binti kwenye nyumba ya watu. Kunyamaza ni kuwaacha wamuuguze kama mwenye homa ya kawaida, nao waambukizwe. Mama mkwe wa Momena alitupokea kwa kicheko.

"Mkwe, mikono mitupu leo? Umetuzoesha vibaya wewe."

Kutub akasema yote, macho chini. Yule mama akaketi taratibu.

"Sisi hatukunywa," alisema. "Momena ana mimba, alikuwa anautamani sana. Tulimwachia chote."

Momena alitoka jikoni akijifuta mikono, amefurahi kumwona baba yake. Kutub alimwekea kiganja kwenye paji la uso. Halikuwa na joto, na zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.