Njia ya Pili ya Asidi

Sisi Wakenya wa mtaa wa New Site, hapa Juba, tuna mtindo wetu: anayekwenda nyumbani Nairobi hurudi Juba na dawa za majirani wote. Ili mzigo usizidi kilo zinazoruhusiwa, tunatupa maboksi na karatasi za maelezo, tunabeba vidonge tu. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa biolojia, kopo la dawa za ploti, yaani za wapangaji wote wa ua wetu, lilikaa kwangu, na watu wakaniita daktari. Nilipenda kuitwa hivyo, sikatai.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia nilikuwa nimefundisha habari za maumivu. Niliwaeleza wanafunzi kuwa ndani ya utando wa seli kuna asidi ya mafuta iitwayo asidi ya arakidoni, imetulia tu. Seli ikijeruhiwa, asidi hiyo hufunguliwa, na kimeng'enya huigeuza kuwa prostaglandini, ambazo huleta uvimbe, homa na maumivu. Hizo hizo pia hulinda ukuta wa tumbo. Aspirini huzima kimeng'enya hicho. Msichana mmoja akauliza, sasa asidi ambayo haikutumika huenda wapi? Nikamjibu kwamba iko njia ya pili, ya leukotrieni, lakini haimo kwenye mtihani. Nikafuta ubao.

Mchana nilimkuta mdogo wangu nyumbani. Yeye huendesha lori la mizigo, na barabara mbovu ya kutoka Nimule, mpakani mwa Uganda, ilikuwa imemmaliza mgongo, hata lori akaliacha Nesitu, nje ya mji.

"Dada, nipe kitu cha mgongo," akasema. "Hata kuinama siwezi."

Nikafungua kopo, nikampa aspirini mbili na maji. Nilijua ana pumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsugua kifua tulipokuwa watoto.

Haikupita saa moja. Pua ikaanza kumtiririka, macho yakawa mekundu, kisha kifua kikaanza kulia kama filimbi. Inhela yake, dawa ya pumu ya kuvuta, ilikuwa kwenye lori. Hapo ndipo nilipoelewa: kwa baadhi ya wenye pumu, ukifunga njia ya kwanza, ile ya pili hufurika, na leukotrieni hubana mirija ya hewa. Niliijua kila hatua. Ningeweza kumchorea pale pale ukutani, na isingemsaidia hata chembe. Niliuchukia usomi wangu.

Tulipata raksha, bajaji za huku, hadi zahanati. Njiani sikuwa na la kufanya ila kumshika mabega na kusikiliza pumzi, nikiogopa kila iliyotoka kwamba haitarudi. Dereva alikuwa akigeuka na kusema, "Malesh, mama, malesh," akinipa pole.

Zahanatini tulipokelewa na tabibu kijana, Msudani Kusini aliyelelewa Kenya. Alimvalisha barakoa yenye mvuke wa dawa, mvuke ambao baadaye ulimfungua kifua, ingawa wakati huo sikuona dalili yoyote.

"Amekunywa dawa gani huyu?" akauliza. "Na ni nani amempa?"

Niliona haya, tena niliogopa. Mdogo wangu akaivuta barakoa kando. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na pumzi kidogo aliyokuwa nayo akaitumia kunisitiri.

"Aspirini," akasema. "Nilijinunulia. Dada... hakuwa nyumbani."

Tabibu akaandika hivyo kwenye daftari, nami nikamwacha aandike.