Mkojo Wangu Ulipogeuka Mweusi Baada ya Mbio Ndefu

Nawasalimu wote kwa amani. Naitwa Zuhura, nafundisha shule ya msingi hapa Kibiti. Wengi mnanijua kwa sura, maana mwanamke mwenye hijabu anayekimbia pembeni mwa lami kila alfajiri hasahauliki. Wenzangu wa klabu ya jogging wameniomba nieleze yaliyonipata. Nitasema hata ya chooni, kwa sababu ugonjwa wangu ulijionyesha huko.

Nilikuwa mzima. Nilianza kukimbia baada ya kumzaa Nasra, nipunguze mwili. Mwili ulipungua, nami nikanogewa. Kila Jumamosi nikawa naongeza umbali, maana nilikuwa nimejiandikisha kwenye mbio ndefu za Dar es Salaam. Kabla ya kwenda huko, nilitaka nikimbie kutoka nyumbani hadi daraja la Ndundu, nijione kama naweza.

Wiki hiyo nilikuwa na mafua na homa kidogo. Mume wangu, baba Nasra, aliniambia, "Ahirisha, mama Nasra. Daraja halihami."

Nikamwambia homa nitaitoa kwa jasho. Akanifuata na pikipiki, amebeba maji yangu. Tulipopita Ikwiriri akapata pancha. Nilimwacha kwa fundi nikaendelea peke yangu bila maji, jua likiwa limeshapanda. Nilifika darajani nikiwa natetemeka miguu, jasho limekauka, ngozi ina chumvi. Lakini nilifurahi. Baba Nasra aliponifikia nilikuwa nimekaa chini nacheka.

Jioni mapaja yaliuma, nikameza vidonge vya maumivu. Asubuhi nikameza vingine, nikaenda kwa mama yangu Mbuchi. Ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga, na nilikuwa nimemwahidi. Shamba lake liko ng'ambo ya mkondo unaojaa na kupwa na bahari, unavuka kwa boti. Kushuka kwenye boti ile nilishikwa mikono kama bibi kizee, watu wakanitania. Nami nilicheka. Kila mkimbiaji anajua kuumwa miguu baada ya safari ndefu.

Nilivuna nikiwa nimeinama mpaka mchana. Haja ndogo iliponibana nilikwenda nyuma ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia ndege. Magoti yalikataa kukunjika. Nikashika nguzo, nikachuchumaa nusu. Mkojo ulitoka kidogo sana, na ulikuwa mweusi kama kahawa ya kijiweni.

Nilimwita mama. Akautazama pale kwenye majani, akasema, "Hicho kichocho, mwanangu. Huku mashambani sote tumekojoa damu tangu utoto."

"Kichocho kina wekundu, mama. Huu mweusi."

Alinipandisha khanga, akaona mapaja yangu. Yalikuwa yamevimba, yamekaza, ngozi inang'aa. Alipogusa kwa kidole nilipiga yowe. Halafu nikaanza kutapika. Hapo nikaona uso wa mama umebadilika, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa mkojo wenyewe.

Mama alimkimbilia mwenye boti. Akarudi naye, yule baba akanitazama kwa huruma. "Maji yamekupwa," alisema. "Boti imekaa kwenye tope. Hatutoki mpaka yajae."

Nikalala kwenye mkeka chini ya dungu, nikisubiri bahari ipande. Sijui namna ya kuwaeleza kusubiri kule. Nilikuwa nasikia kiu, nikinywa natapika. Moyo unakwenda mbio, unasita, unakwenda tena. Nilijaribu kukojoa, haukutoka hata ule mweusi. Mama alikuwa pembeni anasoma Yasini, na kila akifika katikati sauti inamkatika. Nilimwambia, "Mama, Nasra asipelekwe mbali. Akae na wewe." Akaniambia ninyamaze. Alikuwa analia.

Maji yalipojaa, wanawake waliokuwa wanavuna walinibeba kwenye mkeka, tope likiwafika magotini. Upande wa pili baba Nasra, aliyepigiwa simu na mama, alikuwa amefika na gari la kukodi. Njia nzima hadi Kibiti kila shimo lilinipasua mapaja.

Hospitali nilipokewa na daktari, dada mdogo kuliko mimi. Akauliza, "Dada, umefanya kazi gani nzito?"

"Nilikimbia jana."

"Wapi mpaka wapi?"

"Hapa mpaka darajani Ndundu."

"Ukanywa dawa gani?"

Nikamtajia vile vidonge. Akavuta kiti akakaa. Alinieleza polepole kwamba misuli ya miguu yangu imeharibika, inamwaga uchafu kwenye damu, na figo zimeshindwa kuuchuja. Homa, jua, kukosa maji na zile dawa vimesaidiana. Nikamuuliza kama nitapona. Alisema, "Kwanza tukuongezee maji. Halafu lazima uende Dar, ukasafishwe damu." Hakusema ndiyo.

Huko Dar walinitia mpira shingoni. Nililala nikaitazama damu yangu ikitoka mwilini, inazunguka kwenye mashine, inarudi. Uso ulikuwa umevimba hata baba Nasra alipoingia mara ya kwanza alinipita. Kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja wa Mkuranga, tukazoeana, tukipeana moyo. Asubuhi moja nilikuta kitanda chake kimetandikwa shuka safi. Sikuuliza. Nilifunika uso na khanga, nikamwombea dua.

Daktari wa pale hakunificha. "Figo zinaweza kuamka, zinaweza zisiamke. Tunasubiri."

Ziliamka. Mfuko wa mkojo uliokuwa mtupu ulianza kupata matone, yakawa mengi. Nesi aliunyanyua mwangani amwonyeshe mume wangu, na yeye, mtu asiyelia, akaegemea ukuta na kulia.

Nilirudi nyumbani nikiwa na miguu kama ya korongo. Kwenda msikitini, ambako ni karibu tu, nilipumzika njiani. Mbio za Dar zilipita nikiwa kitandani. Ilichukua muda mrefu kabla madaktari hawajaniruhusu kukimbia tena, na hata sasa nakimbia kidogo.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru mama, na wale wanawake wa Mbuchi walioacha mpunga wao wakanibeba. Namshukuru yule dada daktari aliyeniuliza nimefanya nini, badala ya kuandika kichocho na kunirudisha nyumbani.

Ninyi mnaokimbia, ukiwa na homa lala. Ukitoka masafa marefu, kunywa maji, kula, pumzisha miguu, na usikimbilie vidonge vya maumivu. Miguu ikivimba na mkojo ukawa mweusi, usisubiri kesho, nenda hospitali.

Msinione hapa nimesimama mkadhani nimeshasahau. Kila nikimaliza kukimbia naingia chooni nafunga mlango, na kabla ya kutazama chini nasema bismillahi. Nikiona mkojo ni mweupe, nabaki pale ndani kidogo, nanawa uso. Baba Nasra anasimama nje ya mlango. Anasubiri anisikie nikisema alhamdulillahi, ndipo anaondoka.