Koko na Televizyo ya Masera

Harufu ya mafuta ya nazi bado hunisimamisha njiani. Kwetu Bukavu tulipikia mawese. Nazi ilikuwa harufu ya mtu mmoja tu, Masera Lisi, mtawa kutoka Kerala, kule India, ambaye nywele zake zilinukia hata chini ya shela.

Wakati wa vita tulikaa mtaa wa Nguba, jirani na watawa. Koko, mama mzaa mama, alitukimbilia kutoka kijijini Mumosho bila Tonton Déo, mwanawe wa mwisho. Wenye bunduki walimkamata njiani, akiwa peku, abebe mizigo yao. Tangu hapo Koko hakusema neno. Alitazama ukuta tu.

Watawa walikuwa na parabole, dishi la setilaiti, juu ya paa. Alasiri, jenereta ikiwashwa, Masera alitafuta chaneli ya lugha yake, Kimalayalam, iliyosikika masikioni mwetu kama maharage yakimwagwa kwenye sufuria. Kwao tayari ni jioni, alituambia, nasi hatukumwamini, jua likiwaka vile. Maman, mama yetu, akampeleka Koko akae nasi watoto mbele ya televizyo. "Moyo ukikataa chakula," alisema, "lisha macho."

Kulikuwa na mchezo wa mama mmoja wa sari nyeupe, aliyependa kusimama mlangoni. Siku moja Koko akafungua mdomo:

"Huyu iko anangoja mutoto yake."

Tuligeuka sote. Kuanzia hapo akawa mkalimani wetu. Kimalayalam hakujua hata salamu, lakini alitueleza yote: kijana iko mbali, anabeba mizigo, anakula muzuri, wamemupa viatu. Tulicheka mpaka machozi, maana kwenye skrini watu walikuwa wanagombania shamba.

Kisha siku moja yule mama alianguka chini akilia. Koko akashika mkono wa Masera.

"Masera, wanasema nini? Mutoto atarudia?"

Masera alitazama skrini, kisha akamgeukia Koko.

"Ndiyo, Koko. Wanasema iko njiani."

"Basi ile ni kilio ya furaha," Koko akatueleza, akaomba chai.

Tonton Déo hakurudi. Koko aliishi miaka mingine mingi, akiongea. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Masera walisema nini siku ile.

"Walikuwa wameleta maiti ya kijana," akanijibu.

Wakati ule nilidhani bibi yangu anakosea hadithi. Kumbe alikuwa anatusimulia habari za mwanawe, na katika sebule nzima aliyemwelewa ni Masera, yule mgeni, peke yake.