Siku Mpimaji Joto Alipovuliwa Koti

Nianze na kilichonikasirisha kuliko vyote, msije mkadhani nilianzisha vita bila sababu. Mwanangu wa pili alifikisha wiki tatu hajaingizwa kwenye beseni hata mara moja. Nilikuwa namfuta. Natoa mkono mmoja nje ya blanketi, naufuta kwa kitambaa cha uvuguvugu, naurudisha haraka. Halafu mguu mmoja, naufuta, naurudisha. Siku nzima mtoto mmoja, kwa mafungu. Mama yangu akipiga simu kutoka Kigoma anauliza, "Umeshamwogesha?" Namjibu, "Nimemwogesha mama, anang'aa kama sahani." Muongo mkubwa mimi. Ningemwambiaje kwamba mjukuu wake amezaliwa kwenye mji wenye kila kitu, na chumbani kwake ukivua sweta ngozi inasimama kama ya kuku aliyenyonyolewa?

Nje ilikuwa ishirini na kitu chini ya sifuri, siku ya nane mfululizo. Huku Uswidi, kutoka stesheni ya Farsta hadi mlangoni kwetu ni mwendo wa dakika tisa, na ndani ya dakika hizo kope zinagandana. Sawa, hiyo ni ya Mungu, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa wa ndani. Hapa nyumba zinapata joto kwa maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba na kuingia kwenye zile radieta za chini ya dirisha, ambazo sisi wote tunaziita elementi kama wenyeji. Elementi ya sebuleni na ya chumbani zilikuwa baridi kama mlango wa gari. Mume wangu aliangalia video, akachukua kile kifunguo kidogo, akafungua pembeni ili hewa itoke. Ikapuliza kidogo, ikamtemea maji meusi kwenye soksi, ikanyamaza.

"Basi tuwasubiri wenye nyumba," akasema. "Hawa wana utaratibu wao."

Akaenda zake kazini Flemingsberg, kwenye hospitali yenye joto, kusukuma vitanda vya watu wenye joto.

Wenye nyumba wetu ni kampuni ndogo, majengo mawili na mwanamke mmoja wa kupokea simu. Nikamweleza. Akaniambia kwa sauti tamu kwamba kwanza lazima waje wapime, kwa sababu joto ni jambo la hisia na watu hutofautiana. Nikamwambia mimi sina hisia, nina mtoto mchanga. Akasema mpimaji atakuja Alhamisi.

Sasa Alhamisi hiyohiyo ndiyo wanawake wa kanisani walichagua kuja kumwona mtoto. Hawakuniuliza, na kwa nini waniulize? Mtu amejifungua, mnakwenda. Walikuja kumi na mbili, na watoto wao, na sufuria zao, wakiongozwa na Mkongo mmoja jirani yangu wa ghorofa ya pili, tunayemwita Mama Mkubwa kwa sababu umri anao na mwili anao. Waliwasha majiko yote manne. Supu ya kongoro huku, wali kule, uji wangu wa mzazi unatokota pembeni. Waliimba. Walimpokezana mtoto kama kitabu cha nyimbo. Mmoja alianza kujipepea na bahasha.

Ndipo kengele ikalia. Mpimaji: baba wa miaka hamsini na kitu, mpole, koti nene hadi magotini. Alivua viatu akaviweka kwa adabu kando ya mlima wa viatu vyetu, na alipoingia sebuleni miwani yake ikafunga ukungu mweupe. Alisimamisha kijiti cha miguu mitatu katikati ya watu, akakining'iniza kipimajoto, akangoja huku akishikilia sambusa aliyopewa kwa nguvu.

"Ishirini na nne," akasema. "Hapa mna joto zuri sana."

"Hilo ni joto la watu!" nikapayuka. "Gusa elementi!"

"Mimi napima hewa," akanijibu, wala hakuwa na ubaya. "Hewa haisemi imetoka wapi."

Akamaliza sambusa, akashukuru, akaondoka. Wanawake nao wakaondoka saa kumi, wameniachia vyombo safi na baraka, na kufikia saa kumi na mbili nilikuwa nimerudi kwenye kofia yangu ya sufu. Kesho yake barua ikaja kwenye simu: tatizo halikuonekana, suala limefungwa.

Nilipiga simu nikagomba hadi yule mwanamke akakubali nyumba ipimwe tena, Jumatatu. Safari hii, nikajisemea, hakuna mtu atakayenipashia nyumba. Nikaandika kwenye kundi letu la simu: wapendwa, naomba asije mtu yeyote kwangu hadi nitakapowaambia. Sikueleza sababu. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu wa kwanza.

Ujinga wa pili nitausema bila kujitetea. Asubuhi ya Jumatatu nilimtuma mume wangu amtembeze mtoto ndani ya maduka, kule kwenye joto, halafu nikafungua madirisha yote. Nusu saa. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa nyumbani na mafua, nikamvisha kofia na skafu mbili. Theluji ikapeperuka ikaingia hadi kwenye kochi. Nikafunga madirisha dakika mbili kabla ya kengele, nikapangusa kochi, nikaweka uso wa mtu anayeonewa.

Kipimajoto kilisoma tisa. Mpimaji akakitazama, akanitazama, akatazama ua langu la dirishani lililokuwa limelala chali limekufa.

"Tisa ni ajabu kidogo," akasema.

Binti yangu, ambaye mimi nikimwita aje kula anajifanya kiziwi, alisikia hilo vizuri kabisa. Na Kiswidi anakijua kuliko mimi. "Mamma öppnade alla fönster," akamwambia. Mama alifungua madirisha yote. Akaongeza kwamba tulivaa kofia na ilikuwa raha sana.

Nikamwambia kwa Kiswahili, huku nikitabasamu kwa ajili ya mgeni, "Wewe subiri huyu atoke."

Akamgeukia tena yule baba. "Na sasa amekasirika."

Barua ya pili ilisema mpangaji anapitisha hewa kupita kiasi, suala limefungwa. Mtoto akaendelea kufutwa kwa mafungu, na upele mdogo ukaanza kwenye mikunjo ya shingo, pale kitambaa kinapopita juujuu. Muuguzi wa kliniki akaniambia, "Mwogeshe tu vizuri, akae majini, kisha umkaushe." Nilitamani kumuuma.

Wakati huohuo kule kanisani habari zilishasambaa kwamba nimekuwa Mswidi kamili, eti kumwona mtoto wangu lazima uweke miadi. Jumatano Mama Mkubwa akashuka ngazi bila miadi. Alisimama mlangoni na koti lake, mikono kiunoni.

"Mais wewe! Unatufukuza juu ya nini? Tulikukosea nini?"

"Hamjanikosea, Mama Mkubwa. Mlinipashia nyumba."

"Ni kosa hilo?"

Nikamwingiza, nikamweleza yote, na madirisha nikayakiri. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akakaa, na baada ya muda akajikunja ndani ya koti lake.

"Lakini kweli, hii nyumba iko baridi," akasema. "Ile siku hatukusikia, tulikuwa tunapika. Na yule baba, alivua koti?"

"Hapana. Viatu tu."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

"Ulimpa kiti?"

Nikaanza kukunja nepi.

"Ulimpa chai?"

"Mama Mkubwa, yule ni mpimaji, si mgeni."

"Ah non!" Alikasirika kwelikweli, mimi nikarudi nyuma. "Mtu anakuja kwako mara mbili, unamwacha amesimama na koti kama polisi! Sambusa nilimpa mimi. Ni malezi gani hayo? Umkaribishe. Avue koti. Akae. Wewe unafikiri atajua baridi yako namna gani, akiwa amevaa duvet?"

Nakwambia, kuna kutukanwa kwingine ni kama kupewa zawadi.

Nikampigia yule mwanamke wa simu, nikaomba radhi kwa upole ulioniumiza meno. Nikaahidi madirisha yatafungwa na hakutakuwa na wageni, akakubali mpimaji arudi mara ya tatu. Nilitimiza yote. Jiko sikuliwasha tangu alfajiri. Chai ilikuwa kwenye chupa. Mgeni alikuwa mmoja tu, mpimaji mwenyewe.

Alipoingia, kabla hajamaliza kufungua zipu ya begi lake, koti nilikuwa nimeshaliondoa mabegani. Nikamwambia kwetu mgeni akikaa na koti ni kama anatangaza kwamba nyumba haina heshima. Ni kweli? Nusu yake. Nusu nyingine niliitunga palepale. Chini ya koti alikuwa na fulana ya mikono mifupi, Mungu ni mwema. Koti nikalipeleka chumbani, nikamkalisha binti yangu juu yake, nikamwambia kazi yako leo ni hiyo, na mdomo ufungwe.

Nikamweka mpimaji kwenye kiti cha dirishani, mgongo wake ukielekea elementi. Kijiti kikasimama katikati ya chumba. Mimi nikamimina chai taratibu, kama mtu anayepima dawa.

"Kumi na sita," akasema baada ya muda. "Hapa una haki. Nitaandika. Fundi atakuja."

"Lini?"

"Kuna foleni kwa sababu ya hii baridi. Wiki mbili. Labda tatu." Akaanza kuinuka. "Naomba koti langu."

"Hujamaliza chai. Na chakula bado."

"Asante, lakini nina dakika kumi tu."

"Kwetu mgeni haondoki na njaa," nikasema, nikaleta ndizi nilizopika jana, zimepoa. Waswidi wana adabu, huwa wanaona haya kukataa mara ya pili. Akakaa. Akala. Ndizi moja, akaingiza mkono kwapani. Ndizi ya pili, akabadilisha mkono. Soksi zake zilikuwa nyembamba, za ofisini, na niliona vidole vya miguu vikipandana ndani yake.

Mtoto akaamka. Sikuwa nimepanga hilo. Shingo ilikuwa inamuwasha, na ulikuwa wakati wake wa kufutwa, basi nikakaa mbele ya mgeni na bakuli langu nikaanza. Mkono mmoja nje, futa, rudisha. Mkono wa pili. Nilipofika kwenye shingo mtoto alitetemeka kidevu, bila kulia, na mimi sikusema neno. Nilikuwa na maneno mengi tu. Kama ningefungua mdomo yangetoka yote.

Yule baba aliweka sahani chini. Akanyoosha mikono yake miwili nyuma, bila kufikiri, kama afanyavyo mtu yeyote wa nchi hii akihisi baridi, akaishika elementi apate moto. Akaruka kwa ubaridi wake. Akaishika tena, juu, chini, pembeni.

"Hii imekufa kabisa," akasema.

Nikaendelea kufuta shingo.

"Mimi zamani nilikuwa fundi bomba," akasema tena, polepole, kama anayekiri kosa. "Mgongo ndio ulinihamisha. Una nyundo?"

Nyundo sina. Nilimpa mchi wa kinu changu cha vitunguu saumu. Alipiga magoti, akazungusha kile kichwa cheupe cha kurekebishia joto, akakichomoa, akanionyesha: chini yake kulikuwa na kipini, kidogo kama punje ya mchele, kimezama ndani kimekwama. Maji hayapiti kikiwa hivyo. Akagonga pembeni kwa mchi, tok, tok, tok. Kipini kikaruka nje. Bomba likaguna kama tumbo la mtu mwenye njaa, na ndani ya dakika chache chuma kikaanza kuwa vuguvugu, kisha moto. Akaenda chumbani, akafanya vilevile. Binti yangu hakuinuka juu ya koti hata kidogo, akawa anamtazama tu akigonga.

Dakika saba kwa zote mbili. Nilihesabu. Wiki tatu za mwanangu, na dawa yake ni mchi wa vitunguu! Nilimwambia hivyo kwa Kiswahili, kirefu, na mikono, na nikamtajia ofisi yao yote. Alisikiliza hadi mwisho akiwa bado amepiga magoti.

"Ja, ndiyo," akasema. "Nimeelewa."

Akaomba nisimwambie mtu ofisini kwamba aligonga mwenyewe, kwa sababu kazi yake ni kupima. Nikamwahidi. Akamwomba binti yangu koti kwa kuinama kidogo, kama anavyoombwa mkubwa, akapewa.

Alipotoka nikafunga mlango wa chumbani nikangoja hadi kioo cha dirisha kikalia machozi. Nikaweka beseni sakafuni, nikajaza, nikapima kwa kiwiko, nikamvua mtoto nguo zote kwa mpigo. Mzima, mnene, mikunjo nje. Nikamwingiza hadi kifuani.

Alipiga kelele ambayo nadhani ilifika Flemingsberg. Alinipiga mateke, akanirushia maji usoni, akawa mwekundu kama nyanya. Hakupenda hata tone moja. Mimi nilimshika kichwa, nikamsugua shingo vizuri, kila mkunjo, nikamwambia, "Lia tu, baba. Lia mpaka uchoke. Unajua nimetukanwa na watu wangapi kwa ajili ya maji haya?" Na nilipomaliza kumsuuza nikamwogesha mara ya pili, palepale, kwa hasira tu.