Nilimficha Binti Yangu Safari ya Kumletea Mdogo Wake

Nimekosa. Na si kosa la bahati mbaya, ni ujinga niliouandaa mwenyewe kwa miezi, nikaupiga pasi, nikapanda nao ndege. Usinionee huruma haraka. Nisikilize kwanza, ucheke ukitaka, halafu ndipo uamue.

Mimi ni Mtanzania, mama ninayelea peke yangu, naishi Rexdale hapa Toronto na kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nina binti wa miaka tisa. Nimwite Bahati, maana akijua nimemwandika kwa jina lake atanimaliza. Nilimuasili akiwa mchanga, na hilo analijua tangu aanze kuelewa maneno.

Mwaka juzi nikaanza taratibu za kuasili mtoto wa pili, kutoka nyumbani. Karatasi, alama za vidole, mahojiano, barua za daktari! Mtaalamu wa hapa aliyekuja kukagua nyumba yetu alinisisitizia jambo moja: binti yangu aambiwe mapema, aandaliwe. Nikamwambia ndiyo, kabisa, atajua kabla ya safari.

Sikumwambia.

Kwa nini? Kijicho! Kwetu jambo halitangazwi mpaka likamilike. Marehemu mama yangu hata akinunua kochi alikuwa hasemi mpaka liingie ndani. Basi na mimi, mtu mzima mwenye simu ya kisasa na kadi ya maktaba, niliamini kabisa kwamba wanawake wa kanisani wakijua nafuata mtoto, faili langu litakwama. Na Bahati mdomo wake hauna mlango. Ukimwambia jambo asubuhi, kabla basi la Kipling halijafika kituo cha pili dereva analijua.

Nikaficha. Bosi nilimwambia shangazi anaumwa. Mchungaji nilimwambia kuna harusi. Bahati nilimwambia nakwenda kutengeneza jino.

Jino! Wiki sita! Hata tembo hatengenezwi jino wiki sita.

Nilimwacha kwa jirani yangu wa ghorofa ya tisa, Mama Josi, Mkenya mwenye roho nzuri, ambaye naye nilimpa uongo uleule. Akaniombea. Alinishika shavu pale kwenye lifti, akaliombea jino kwa sauti, nami nikaitikia amina! Mungu anisamehe.

Nyumbani Tanzania nikakutana na Zai, miaka mitatu, kwenye makao ya watoto. (Hilo nalo si jina lake.) Siku ya kwanza alinikimbia. Siku ya nne akakubali nimlishe uji. Wiki ya tatu, kila nikisimama ananivuta kanga: "Mama, unaenda wapi?" Mama! Nilijifungia msalani nikalia kwa furaha.

Kisha ikaja siku ya afisa ustawi wa jamii. Dada mpole, miwani puani, faili mapajani. Akasema kilichobaki ni kidogo tu, anataka kuongea na Bahati kwa video. Nikasema mtandao unasumbua. Akasema wa kwake hausumbui.

Bahati akatokea kwenye kioo cha simu yake, anakula chapati za Mama Josi.

"Bahati, hujambo? Umejiandaaje kumpokea mdogo wako?"

"Who?"

"Mdogo wako. Mtoto ambaye mama amekuja kumchukua."

Akaacha kutafuna. "There's no baby. Mama ameenda kufix jino."

Nyuma yake nikamsikia Mama Josi: "Woi! Mtoto gani tena? Si aliniambia ni jino!"

Afisa akageuka, akanitazama mdomoni. Nikaufumba.

"Dada yangu," akasema taratibu, "kama huyu uliyenaye umemficha jambo kubwa hivi, huyu tutakayekupa utamficha mangapi?"

Nikaambiwa nirudi Canada, familia iandaliwe, ripoti mpya iandikwe, ndipo faili langu liangaliwe tena. Siku nilipokwenda kuaga, Zai alikimbia kuchukua viatu vyake akidhani tunaondoka wote. Mlezi alimbeba akipiga kelele. Ile sauti huwa naisikia nikiwa kazini, nawabadilishia wazee nguo.

Na bado Bahati alikuwa ananisubiri! Hakunikumbatia. Tulipofika nyumbani akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye kila siku hunijibu kwa Kiingereza: "Ulipokuja kunichukua mimi, ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu," nikasema.

"So I was a secret too."

Nikajaribu kumweleza kijicho. Jaribu wewe kumweleza mtoto aliyekulia Rexdale habari za kijicho! Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi ndiye ningefurahi kuliko wote." Nilipiga magoti palepale kwenye zulia nikamwomba msamaha. Alinisamehe baada ya siku tatu, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayetangaza.

Jumapili akasimama wakati wa matangazo, mbele ya kanisa zima. "Nina mdogo wangu. Ana miaka mitatu. Tunamsubiri." Nikainamisha kichwa nikingoja macho mabaya. Wale wanawake wangu wa kijicho wakapiga vigelegele! Wiki ileile wakaleta nguo, vikombe, kitanda na godoro lake. Mama Josi ndiye aliyekifunga kitanda, hasira zake bado zikiwaka. "Kwani ulidhani nitakuroga na chapati?" Nikampa bisibisi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nikadhani ni habari za wakunga tu. Kumbe nilikuwa nasemwa mimi! Wewe mwenzangu uliye ugenini, unayebana jambo jema kifuani kwa kuogopa watu, waogope ukitaka. Lakini mtoto wako usimfiche lake. Mwambie yeye wa kwanza, na akilipeleka kwa dereva wa basi, mwache alipeleke.

Mimi huu ni mwezi wa nane nasubiri simu ya yule afisa ustawi. Kitanda kipo chumbani kwa Bahati, kimetandikwa. Kila Jumamosi anabadilisha shuka, ingawa hakuna aliyelilalia.