Siku Niliyozungusha Mshipi Mkononi, Ziwa Chala

Kisa hiki nimekificha miaka mingi, na hata leo nikikitaja nasikia masikio yakipata moto, lakini kwa kuwa mmenibana acha niseme, mtacheka nikimaliza.

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi nikiwa karani kule Mwatate, kijana wa Mwanda mlimani (kwetu maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mfereji wa kumwagilia mboga), na nilikuwa nimeenda Chala kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Salome. Baba yake, mzee Eliya, alikuwa mvuvi. Tukila jioni akaniuliza kwa upole, "Kuvua unajua, mwanangu?" Nami, badala ya kusema ukweli, nikajibu, "Sana, mzee."

"Basi kesho tutaenda wote," akasema. "Kuna wageni wa kanisa wanakuja chakula cha mchana."

Asubuhi tukateremka ule ukingo mkali mpaka majini, Salome na shangazi yake wakitufuata na beseni la kutilia samaki. Wao wakabaki ufukweni, sisi tukapiga kasia mpaka mahali mzee alipojua kuna mti uliozama, maana samaki hujificha kwenye matawi. Pale hakuna kurusha mshipi, ule uzi wa ndoana, mbali. Unaushusha wima kando ya mtumbwi mpaka chubwi, kile kipande cha risasi, liguse chini, unaupandisha kidogo, halafu unainua mkono kama shubiri moja, unashusha polepole, unainua, unashusha, ili nyoya la jogoo lililofungwa kwenye ndoana lionekane kama mdudu. "Samaki anauma likishuka," mzee alisema. "Na usizungushe mshipi mkononi." Nikaitikia kama mtu anayekumbushwa.

Baada ya muda mzee alikuwa na samaki sita, mimi sina hata mmoja, na kule ufukweni shangazi alikuwa ameacha kuongea, ananitazama tu. Nikaona nikiuzungusha mshipi kiganjani nitamhisi samaki vizuri zaidi. Nikauzungusha mara tatu. Papo hapo ukawa mzito.

"Nimempata," nikaita kwa sauti ya kufika ufukweni, na shangazi akapiga kigelegele.

"Huo ni mti," mzee akasema. "Legeza."

Lakini kigelegele kilikuwa kimeshapigwa (jamani, ningelegezaje?), nikavuta, upepo nao ukawa unausukuma mtumbwi upande wa pili, mshipi ukaanza kunikata nyama, nikashikwa na hofu, nikafanya kitu ambacho hata mtoto wa Chala hafanyi: nikasimama.

Mtumbwi ukapinduka. Maji yalikuwa baridi, na mkono wangu wa kulia umefungwa kwenye mti ulio chini, kichwa kinatokeza kidogo, napumua nusu, navutwa tena. Kuogelea sijui. Nikamkumbatia mzee shingoni tukazama wote wawili, nikamhisi anapapasa kiunoni mwake kutafuta kisu, nikawaza, nimemuua baba yake Salome. Kisha mshipi ukakatika.

Akaniburuta mpaka kwenye mtumbwi, nikaung'ang'ania huku nikimwita mama yangu aliye Mwanda (hilo walilisikia wote). Wavuvi wengine wakaja kututoa. Suruali, iliyokuwa ya kuazima na kubwa kunizidi, ilibaki ziwani pamoja na wale samaki sita, kwa hivyo nilipanda ule ukingo nimejifunga leso ya shangazi kiunoni, na juu kabisa nikakutana na mchungaji na wageni wake wamevaa suti. Wakanisalimu kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyoniuma zaidi.

Chakula kikawa maharagwe. Wageni walipoondoka mzee akaniita nje, akanisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akasema, "Ungesema hujui, ningekufundisha. Sasa nikikupa binti yangu, siku akiugua na daktari akuulize usichokijua, utamwambia nini? Kwamba unajua?"

Mambo ya posa yakasogezwa mwaka mzima, na mwaka huo kila mwezi nilienda Chala kujifunza, kuogelea kwanza, shangazi amekaa juu ya jiwe akinichunga. Salome nilimwoa. Kovu liko hapa kiganjani, na tangu siku ile nikiulizwa nisichokijua, hata mbele ya bosi, hata mbele ya watoto wangu, nasema sijui kabla swali halijaisha.