Nilijua kamera ya barafu niliyomchagulia Mzee Pekka haifai, nikampa hivyo hivyo

Wakuu, salaam kwenu. Nina jambo ambalo hapa Brussels sijamwambia mtu. Nitalisema lilivyo, hata pale linaponiaibisha.

Mimi ni mlinzi kwenye jengo moja la ofisi, mitaa ya Schuman. Nakaa mapokezi, naangalia screen za CCTV. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia.

Mwaka juzi mke wangu alifariki. Msiba niliukaa hapa hapa, kwenye flat yetu.

Siku ya kwanza akaja Mzee Pekka, Mfini, fundi umeme wa jengo letu. Mambo ya matanga hayajui. Badala ya kukaa sebuleni na wanaume, alivua viatu, akaingia jikoni, akaanza kuosha sahani. Akarudi siku tatu mfululizo. Pole hakunipa hata moja. Aliosha vyombo tu.

Maman Béatrice, Mkongo wa Bukavu anayefanya usafi kazini kwetu, akamwambia: "Papa Pekka, acha. Utatupatisha haya, bamama tuko hapa."

Mzee akaendelea kusugua sufuria. Nadhani ndiyo mara ya kwanza watu walicheka mle ndani tangu tumzike.

Sasa kamera.

Mzee alipokaribia kustaafu arudi kwao Finland, tulichanga tumpe zawadi. Huko ziwa linaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Wanatoboa shimo kwenye barafu, wanakaa kwenye kistuli, wanashusha ndoano. Mzee alikuwa anaishi kwa kuisubiri siku hiyo. Alitamani kamera ya kushusha shimoni aone samaki walipo, asigande vidole bure.

Nani achague? Maman Béatrice hakufikiri mara mbili.

"Papa, wewe njo unaangalia ma-caméra siku yote. Donc ni wewe utachagua."

Ningesema sijui, yangeisha. Kuangalia screen si kujua kamera. Lakini tangu msiba watu walikuwa wananiangalia kwa huruma, na siku ile waliniangalia kama mtu anayejua kitu. Nikanyamaza.

Dukani niliona mbili. Ya kwanza ilikuwa ya uvuvi, screen ndogo, umbo la samaki, na mkia juu. Niliiona kama toy. Ya pili ilikuwa na screen kubwa, waya mrefu uliozungushwa kwenye reel, taa nyeupe kuzunguka lens, na ni waterproof. Nikachagua kwa akili ya mlinzi: picha kubwa, mwanga mwingi.

Muuzaji aliniuliza naitaka kwa kazi gani. Nikamjibu kwamba najua ninachotafuta.

Siku moja kabla ya sherehe ya kumuaga nilijaza maji bafuni kwangu nikaishusha. Ikaonyesha kitako cha bafu. Nikaizungusha, kitako cha bafu.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya ule mkia. Ile ya uvuvi inaning'inia ikiwa imelala, inatazama pembeni, ambako samaki wanapita. Hii yangu inatazama waya unakoelekea, yaani chini tu. Nikafungua kijitabu cha maelezo. Picha zote ni za mabomba ya maji machafu.

Wakuu, risiti nilikuwa nayo. Duka lingefunguliwa asubuhi na sherehe ilikuwa mchana.

Sikwenda. Maman Béatrice alikuwa ameshaandika kwenye group kwamba nimechagua kama engineer. Nikaifunga kwa karatasi nzuri. Watu wakapiga makofi, Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Marehemu angekuwepo, angenirudisha dukani kabla sijavua koti.

Winter iliyofuata nikampigia kumjulia hali. Kifaransa chetu wote wawili ni cha kuokoteza, lakini tunaelewana. Nikamuuliza ziwa likoje. Akasema haendi tena.

"Nimetoboa mashimo mpaka bega linauma. Kila nikishusha kamera yako naona tope. Samaki wamekwisha. Baba yangu alivua pale, mimi nimefika mwisho."

Nikamwambia pole, nikaaga. Nilikuwa nimemwondolea mtu ziwa lake, na nimempa pole.

Nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu, wakati wa break, nikasimama kwenye ngazi za dharura nikampigia tena. Nikamwambia yote: mabomba, bafu, risiti, na kwamba nilijua.

Nilitaka anitukane.

Akauliza, "Kwa hiyo samaki wapo?"

"Sijui, Mzee. Ninachojua, kamera ile haiwezi kuwaona."

"Basi ngoja nivae buti," akasema, akakata.

Hajanipigia tangu hapo, na mimi sijathubutu. Jumatatu namwambia Maman Béatrice, maana yeye na wenzake walichanga.

Nilichojifunza: ukipewa sifa usiyostahili, irudishe siku hiyo hiyo. Ukilala nayo, kesho yake utaitetea.

Wenye uzoefu mlioko Finland, Sweden, Canada, naomba mnisaidie. Nataka kumtumia ya kweli. Waya uwe na urefu gani? Betri zinastahimili vipi ile baridi? Nitauliza maswali mengi ya kijinga, na safari hii nitauliza yote.